Siku Mashine ya Shemeji Ilipounganishwa na Nchi Nzima

Ilikuwa mwaka elfu mbili na tisa. Hapana, nisiwadanganye. Elfu mbili na tisa ndio mwaka upepo ulipoezua paa la shule, mwalimu mkuu akahamia na watoto kwenye karakana ya seremala, wakawa wanajifunza kujumlisha na kutoa huku wamekalia vitanda ambavyo bado havijawekwa miguu. Haya ninayotaka kuyasimulia yalitokea mwaka uliofuata, kwa sababu paa lilikuwa limeshakuwa jipya na juu yake zilikuwa zimepangwa paneli za sola, na hizo paneli nazikumbuka vizuri kwa kuwa zilitutia aibu. Nitafika huko.

Habari yenyewe ni ya shemeji yangu, mume wa dada yangu anayenifuata. Alikuwa na jina kama watu wote, lakini hata karani wa sensa aliandika kwanza la utani, akalifuta baadaye. Tulimwita Bwana Piga.

Mgeni akisikia Bwana Piga anadhani ni mtu wa ngumi. Shemeji hajawahi kumpiga hata mbuzi. Akikanyaga sisimizi husimama kidogo, kama mtu anayeomba radhi. Jina lilitokana na mashine.

Sisi tunakaa kwenye mteremko, nyumba zimefuatana na njia moja kutoka juu hadi chini, na huko chini kabisa kuna mto unaoanguka kwenye mawe. Wazee waliotutangulia waliusikia ukinguruma miaka yote bila kuutuma kazi. Kizazi chetu tukachangishana, tukalaza bomba, tukanunua mashine iliyotumika kutoka kiwanda kilichofungwa, tukaijengea kibanda. Maji yanashuka kwenye bomba, yanaizungusha mashine, mashine inatoa umeme. Mimi ni fundi baiskeli, na shule yangu iliishia pale mwalimu alipoanza kuchanganya hesabu na herufi, kwa hiyo nikieleza umeme naueleza nilivyouona kwa macho. Ni kama baiskeli yenye dainamo, ila anayekanyaga pedali ni mto.

Shemeji alikuwa ameendesha kinu cha kusaga unga tangu ujana wake, basi tukamweka yeye kuwa mlinzi wa mashine. Na mashine ile haikuwa na akili ya kujirekebisha. Ukiibebesha mzigo inachoka, taa za watu zinasinyaa. Ukiutua mzigo ghafla inashtuka na kutimua mbio, na balbu zinapasuka kuanzia kwangu hadi kwa mwalimu mkuu. Akili yake ilikuwa mkono wa shemeji, uliokaa siku nzima kwenye gurudumu la kufungulia maji. Mzigo ukiongezeka anafungua kidogo. Ukipungua anafunga kidogo.

Taa na redio hazikumsumbua. Mwenye kumsumbua alikuwa pasi. Pasi moja ilikula kama nyumba nzima, na ilikula bila kubisha hodi. Ndipo tukajiwekea utaratibu, sikumbuki ulianzishwa na nani. Mtu akitaka kunyoosha nguo anasimama mlangoni kwake na kuita, "Pasi!" Wa nyumba ya chini anapokea, "Pasi!" Wa chini yake naye anapokea, hadi inafika kwangu mimi, nyumba ya mwisho, nami naiangusha kibandani. Shemeji anafungua maji, anasikiliza mashine inavyonguruma, halafu anaita kwa sauti yote, "Piga!" Na hiyo Piga inapanda mteremko nyumba kwa nyumba hadi kwa mwenye nguo. Akimaliza anaita, "Nimemaliza!" nayo inashuka vile vile, shemeji anafunga. Mtu hakuchomeka pasi bila kupewa Piga. Aliyejaribu alijuta, maana giza likiingia watu walijua wamfuate nani.

Ubaya wake ni kwamba siri zilituishia. Pasi haikushuka peke yake. Iliteremka na maswali. "Pasi!" "Ya nani?" "Ya seremala!" "Anakwenda wapi?" Seremala wa watu aliomba pasi siku moja, Jumatano mchana, anyooshe shati jeupe. Hakusema neno zaidi. Lakini mteremko una nyumba nyingi. Kwa fundi cherehani alikuwa anakwenda mjini. Kwa muuguzi mstaafu alikuwa anakwenda kuposa. Ilipofika kwangu alikuwa ameshakubaliwa, na mimi nilimpelekea shemeji taarifa hiyo kama nilivyoipokea. Shemeji akafungua maji na kuita, "Piga! Na hongera!" Seremala alikuwa anakwenda kung'oa jino. Tangu hapo akawa analaza suruali zake chini ya godoro.

Dada yangu aliyalalamikia hayo maisha. "Kaka," aliniambia asubuhi moja, amekuja kuazima pampu, "huyu shemeji yako kanizungusha bega usingizini."

"Kakuzungusha vipi?"

"Alikuwa anafungua maji. Nikamwambia, mwanamume wewe, mimi sina koki. Akaniambia, piga. Halafu akaendelea kukoroma."

Basi ndivyo tulivyoishi, mpaka nguzo za taifa zikafika.

Zilikuja zimelala kwenye lori, zikasimamishwa kando ya njia, na nyaya zikavutwa juu ya vichwa vyetu. Tukaitwa kwenye mkutano shuleni. Aliyetumwa na shirika la umeme alikuwa mhandisi, mwanamke kijana, mwenye buti kubwa kuliko umri wake na sauti ya mtu aliyezoea kueleza jambo lile lile mara nyingi bila kuchoka. Alisema nyumba zote zitahamia kwenye waya wa taifa. Kuhusu mashine yetu, akasema, kuna mawili. La kwanza, iunganishwe na gridi ya taifa, iwe inatoa umeme wake pamoja na mashine nyingine za nchi, na mlinzi wake aendelee na kazi. La pili, ikishindwa jaribio la kuunganishwa, itazimwa na kuuzwa chuma chakavu.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye dawati la darasa la kwanza, magoti yamemfika kidevuni. Akanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Mama mhandisi, ikishindwa, mimi nitafanya nini?"

"Utapumzika, mzee. Umefanya kazi sana."

Nyuma yangu nikamsikia dada akivuta pumzi. Tulipotoka nje alinishika mkono. "Kaka, umesikia? Apumzike! Huyu mtu akipumzika nyumbani mchana kutwa, atafungua na kufunga kila kilicho na mpini. Mmoja wetu atahama, na mimi sihami." Alicheka, lakini macho hayakucheka. Alijua kama nilivyojua mimi kwamba bila mashine ile shemeji asingemaliza mwaka. Kuna watu wanaoshikilia kazi, na kuna watu ambao kazi ndiyo imewashikilia wasianguke.

Kesho yake mhandisi alishuka kibandani kumwelekeza. Mimi nilikuwepo, nimekwenda kupeleka chai.

"Mzee, mashine yako inazunguka vizuri," alisema, "ila inazunguka peke yake. Ikiingia kwenye gridi lazima ikanyage mguu mmoja na mashine zote nchini. Si mbele, si nyuma."

"Zote?"

"Zote."

"Hata zile kubwa za wakubwa?"

"Hata hizo."

Shemeji akafikiri. "Wanawake wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja, kuna mmoja anayeanza, mwenzake anafuata. La sivyo michi inagongana na mtu anavunjika mkono. Sasa huko anayeanza ni nani?"

"Hakuna anayeanza. Zikishaungana zinashikana zenyewe. Kazi ni kuingia. Ukiingiza mchi wako wakati mbaya, ndipo pa kuvunjika mkono."

"Na umeme wangu ukishaingia humo, utakwenda kwa nani?"

"Kwanza kwa walio karibu."

"Yaani kwa hawa hawa?"

"Kwa hawa hawa."

"Basi sawa," akasema shemeji, akanywa chai yangu yote na ya mhandisi.

Walifunga sanduku la chuma ukutani, lenye taa tatu na swichi moja kubwa. Mhandisi akaeleza kwamba mashine ikiwa haijapatana na nchi, taa zile zitakuwa zinawaka na kuzima, zinawaka na kuzima. Shemeji arekebishe maji taratibu mpaka ziwe zinapumua polepole kama mtu aliyelala. Na zikizima kabisa, zote tatu, hapo hapo ashushe swichi.

"Zikizima?" akauliza shemeji.

"Zikizima."

"Mama, mimi maisha yangu yote taa zikizima natukanwa."

"Siku hiyo utapongezwa."

Hilo lilimwingia kwa shida. Alifanya mazoezi nyumbani, na kwa kuwa nyumbani hakuna sanduku, dada akawa sanduku. Alikaa kwenye kigoda mbele yake, akawa anafumba na kufumbua macho polepole, na kila alipofumba shemeji alipiga meza kwa kiganja. Jirani walidhani wanagombana. Nilipopita kuwasalimia nilimkuta dada anasugua kope. "Nimekuwa taa ya taifa, kaka," akaniambia. "Na huyu bwana ananipenda nikiwa nimefumba."

Jumanne wakajaribu kwanza zile paneli za shule. Nasema zilitutia aibu kwa sababu hazikuchukua muda wowote. Mhandisi alibonyeza hapa, akabonyeza pale, na kabla chai haijapoa paneli zilikuwa zimeshaungana na nchi, zimetulia juu ya paa kama vile zimezaliwa humo. Mwalimu mkuu akatembea siku nzima kidevu kikiwa juu. Shemeji alikwenda kuzitazama, amefunga mikono nyuma. "Zenyewe hazina mikono," aliniambia tukirudi. "Hazina masikio. Hazijazoea kitu. Nani atashindwa akiwa hivyo?" Siku hiyo hiyo nyumba zetu zote zikahamishiwa kwenye waya wa taifa, na mashine ya maji ikabaki haina mtu wa kumlisha, inangoja zamu yake.

Zamu ikafika Alhamisi asubuhi. Shemeji alivaa shati lililonyooshwa. Dada alikuwa amelinyoosha siku mbili kabla, kwa Piga ya mwisho iliyotolewa kihalali. Kibanda kilijaa: shemeji kwenye gurudumu, mhandisi kwenye sanduku, dereva wa mhandisi kwenye kona, dada mlangoni, na mimi nyuma ya dada nikiwa nusu ndani, nusu kwenye jua. Watu wengine walikuwa wametawanyika kwenye mteremko, wengine milangoni kwao, wengine kwenye mawe. Mhandisi alikuwa ametuomba tukae kimya, na tulikaa. Sijawahi kusikia mteremko wetu ukiwa kimya namna ile. Kuku ndio walioongea.

Shemeji akafungua maji. Mashine ikaanza kunguruma. Taa tatu za sanduku zikawaka na kuzima haraka haraka, kama mtu anayetaka kulia. Akapunguza. Zikatulia kidogo. Akapunguza tena unywele. Zikaanza kupumua.

"Vizuri, mzee," akasema mhandisi kwa sauti ya chini. "Vizuri. Sasa mkono wa kulia uweke kwenye swichi."

Mkono wa kulia ukaenda kwenye swichi. Wa kushoto ukabaki kwenye gurudumu. Taa zikawaka taratibu, zikafifia taratibu. Nikaona mgongo wa shati lake umelowa. Zikawaka tena. Zikaanza kufifia, zinafifia, zinakaribia kuzima...

"Pasi!"

Ilitoka huko juu. Ikapokewa. "Pasi!" akasema fundi cherehani. "Pasi!" akasema muuguzi. "Pasi!" nikasema na mimi, wallahi, mdomo wenyewe ulisema. Na mkono wa kushoto wa shemeji, bila kumuuliza mwenyewe, ukafungua maji, na koo lake likatoa sauti iliyojaza kibanda: "Pigaaa!"

"Piga!" akaitikia dereva wa mhandisi kwenye kona, mtu ambaye hata choo chetu alikuwa hajakijua kilipo.

Mashine ikatimua mbio. Taa za sanduku zikawaka zikazima, zikawaka zikazima, sanduku likalia kama mbwa aliyekanyagwa, kitu kikafyatuka ndani yake, na taa nyekundu ikawaka. Shemeji akafunga maji. Mashine ikashuka sauti, ikanung'unika, ikanyamaza.

Mhandisi alilikagua sanduku. Halafu akageuka. "Mzee. Kwa nini umefungua maji?"

"Kuna pasi," akasema shemeji.

"Pasi gani? Nyumba zote ziko kwenye waya wa taifa tangu Jumanne. Hiyo pasi, kama ipo, inakula umeme wa taifa. Haina habari na mashine yako."

"Najua, mama."

"Sasa?"

"Imeombwa," akasema shemeji, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mtu akiomba, anapewa."

Mhandisi akajaribu kukasirika, nikamwona akijaribu, lakini mdomo ukamsaliti upande mmoja. Akasema sanduku limejifunga, litafunguka baada ya chakula cha mchana. Akasema ana ruhusa ya kujaribu mara moja tena, na kwamba baada ya hapo ataandika atakachokiona, na hakuna mtu atakayeweza kukibadilisha. Shemeji akaenda kukaa nje juu ya jiwe, mikono yake miwili ameiweka mapajani, anaitazama kama watoto wa mtu mwingine waliomwaibisha mbele ya wageni.

Dada hakukaa. Alifunga kanga kiunoni na kupanda mteremko. Kila nyumba aliingia bila hodi. "Pasi iko wapi?" Akioneshwa, analowesha kidole kwa ulimi na kuigusa. Iliyotumika ingesema, chwii. Hakuna iliyosema. Kwa fundi cherehani, baridi. Kwa muuguzi, baridi. Kwa seremala alikuta pasi ya mkaa, ina buibui ndani.

"Mimi nimeshaacha mambo ya pasi, mama," akasema seremala. "Nilikoma."

"Uliisikia kutoka kwa nani?"

"Kutoka juu."

Kila mtu aliisikia kutoka juu. Dada akapanda mpaka kwa mwalimu mkuu, nyumba ya juu kabisa, ambako juu yake hakuna kitu ila majani na mawingu.

"Mwalimu, wewe uliisikia kutoka wapi?"

"Kutoka chini," akasema mwalimu mkuu.

Watu wakaanza kuhojiana njiani. Mmoja akasema ni kasuku wa muuguzi. Muuguzi akaumia, akasema kasuku wake alikufa mwaka wa lile paa, na marehemu asisingiziwe. Mwingine akasema ni dada mwenyewe, ili mumewe astaafu apumzike. Dada alimtazama tu, yule mtu akaenda zake. Dereva wa mhandisi akasema pengine ni mwangwi, sauti ya zamani iliyokuwa imekwama kwenye mawe. Hilo lilitupendeza, lakini halikutusaidia.

Shida ilikuwa kwamba jaribio la pili linakuja na ulimi wa watu ni ule ule. Seremala akashauri shemeji azibwe masikio kwa pamba. Shemeji akakataa. Bila masikio hawezi kujua mashine inasema nini. Mwalimu mkuu akashauri tufungiwe wote darasani. Tukakataa, maana kila mtu alitaka kuona. Ni dada aliyetoa neno.

"Kila mtu ashuke hapa na pasi yake," akasema. "Ikiwa pasi zote ziko mbele ya macho yake, hata mtu akiita, ataona ni uongo."

Basi mchana ule, kama mgeni angepita njia yetu, angetuona tukishuka kwa msururu, kila mmoja amekumbatia pasi kama mtoto anayepelekwa kupimwa uzito, waya umening'inia nyuma. Seremala alikuja na ile ya mkaa, asije akasingiziwa. Tulizipanga chini mbele ya mlango wa kibanda, ncha zote zikielekea kwa shemeji. Mhandisi alizitazama, akamtazama dereva wake, akasema kwa upole, "Hili sitaliandika." Halafu tukasimama, kila mtu kiganja mdomoni. Mwalimu mkuu aliweka viwili.

Shemeji akafungua maji. Taa zikahangaika, zikatulia, zikapumua. Jasho lilimdondoka kwenye pua, hakulifuta. Taa zikafifia. Nikaona jicho lake la kushoto likizichungulia zile pasi chini, kuhakikisha. Zote zilikuwepo. Taa zikazima, zote tatu.

Akashusha swichi.

Hakuna kilichotokea. Tulingoja kishindo, au mwanga, au angalau harufu. Mashine iliendelea kunguruma kama kawaida yake, pengine imetulia zaidi.

"Ndiyo imeisha?" akauliza fundi cherehani ndani ya kiganja.

"Imeisha," akasema mhandisi. "Mnazunguka na nchi nzima."

Shemeji alikuwa bado ameshika swichi. "Sasa nikifungua maji?"

"Fungua uone."

Akafungua kidogo. Akatega sikio. Akafungua tena. Mashine haikukimbia. Ilivuta tu pumzi nzito zaidi na kwenda kwa mwendo ule ule, na mhandisi akamwonesha kwenye sanduku sindano iliyopanda, kuonesha kwamba umeme mwingi zaidi unatoka. "Haiwezi kukimbia tena, mzee. Imeshikwa na mashine zote nyingine."

"Imeshikwa mkono," akasema shemeji, na akalirudia jambo hilo taratibu, kama anayempa mtu habari njema asimshtue. "Yaani nchi nzima imeishika mkono." Kisha akatoka mlangoni, akatutazama sisi na pasi zetu, akajaza kifua na kuita, "Piga!"

Hatukuwahi kunyoosha nguo namna ile. Kila mtu alichukua pasi yake, akakimbia kupanda, na pasi zote za mteremko zikawaka kwa pamoja, jambo ambalo zamani lingetuweka gizani mpaka mwezi uandame. Taa hazikusinyaa hata kidogo. Watu walinyoosha mashuka, mapazia, hata matambara ya kufutia meza. Hakuna aliyeita. Na jioni ilipoingia, nikiwa mlangoni kwangu, niligundua kwamba hakuna aliyeita wala hakuna atakayeita, na shemeji kule chini alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya gurudumu, amegeuza sikio upande wa juu.

Ukimya huo haukudumu, nisiwahuzunishe bure. Tuligundua upesi kwamba umeme wa taifa nao hukatika. Na ulipokatika mara ya kwanza, sanduku liliizima na mashine yetu pia, kwa sheria, ili fundi aliyepanda nguzo huko mbali asipigwe na umeme unaotoka kwetu. Watu wakamshukia shemeji. "Maji yapo, wewe upo, taa ziko wapi?" Akawajibu, "Kuna mtoto wa mtu juu ya nguzo," na hakuna aliyeweza kumbishia. Lakini alimwomba mhandisi, akaomba tena, mpaka wakamfungia swichi nyingine inayotukata kabisa na nyaya za taifa, ili nchi ikizima sisi tujilishe wenyewe bila kumdhuru mtu. Siku hizo mashine inakuwa peke yake kama zamani, na akili yake inakuwa tena mkono wa shemeji, na pasi inabidi iombwe. Nimewaona watu wazima wakiomba umeme wa taifa ukatike Jumamosi ili waite tu. Hata seremala, ambaye sasa ameoa kweli, huita na kutaja mwenyewe anakokwenda, tusije tukamwoza tena.

Shemeji sasa ni mzee kama mimi, na sikio moja limemwacha. Mashine ina mlinzi mwingine, lakini yeye bado hushuka kila asubuhi kukaa naye. Mara kwa mara hunirudisha kwenye ile Alhamisi. Hakasiriki nayo. "Ile ilikuwa pasi ya mwisho kabla hatujashikwa mkono," huniambia. "Nikasema piga. Sasa mimi nataka kujua tu kama alipiga. Pengine ana safari, na nguo imebaki na mikunjo kwa ajili yangu." Nami kwa ajili yake nimeuliza nyumba zote, juu na chini, kwenye mikutano, kwenye misiba hata, na kila mtu hucheka na kunielekeza kwa jirani yake. Kwa hiyo nauliza tena hapa, kwa mara nyingine, na aliyeita asiogope, hatafanywa kitu: ile pasi ya Alhamisi ilikuwa ya nani, na alikuwa anakwenda wapi?